Winchi ya paundi 12,000: mashine nzuri, kebo mbovu

Kila mwaka masika yakikaribia, gereji za Njiro na Unga Limited jijini Arusha hujaa magari ya utalii yanayofanyiwa matengenezo, na swali la winchi, ile mashine ya mbele ya gari ya kujivutia likikwama, hurudi palepale: ununue ipi. Inayouzwa sana ni winchi ya umeme ya volti 12, uwezo paundi 12,000, iliyotoka China na kubandikwa jina lolote alilolipenda mwagizaji. Majina ni mengi ila ndani ni mashine moja: mota upande mmoja, gia za sayari upande wa pili, ngoma ya kuviringishia waya katikati, na breki imefichwa ndani ya ngoma. Hapa tunaitathmini kama inavyofungwa kwenye Land Cruiser ya injini ya 1HZ, iliyorefushwa na kuwekewa paa la kufunguka, kwa sababu hilo ndilo gari linaloonekana kila asubuhi likitoka Arusha kuelekea Makuyuni na wageni ndani.

Tuseme mapema: mashine yenyewe inastahili hela yake. Vilivyowekwa nayo kwenye boksi, yaani kebo za umeme, lagi (vichwa vya kebo vinavyofungwa kwa bolti), ndoano na mara nyingine hata bolti, havistahili. Winchi nyingi zinazosemwa "zimekufa" bado ni nzima. Kinachozifanya zionekane maiti ni umeme usiozifikia.

Paundi 12,000 ziko wapi?

Muuzaji atakuambia, "Bosi, hii inavuta hata Fuso." Msikilize, kisha usome kibao. Paundi 12,000 ni kilo 5,443, na nguvu hiyo inapatikana kwenye safu ya kwanza tu ya waya wa kuvutia, ile inayogusa ngoma. Kila safu inayojiviringisha juu yake inanenepesha ngoma, na nguvu inashuka kwa takriban asilimia 10 hadi 15. Ukivutia mti ulio mita tano tu mbele yako, waya mwingine wote ukiwa bado umejaa kwenye ngoma, uko kwenye safu ya nne, na mashine hiyohiyo inakupa kama kilo 3,500. Ndiyo maana dereva aliyezoea hupita mti wa karibu akaenda kufunga wa mbali, hata kama mvua inamnyeshea.

Kanuni ya kuchagua ni uzito wa gari likiwa limejaa, mara moja na nusu. Gari la safari lenye wageni saba, mizigo, friji, maji na matangi yaliyojaa dizeli tulipigie kilo 3,500. Mara 1.5 inakuwa 5,250. Winchi ya paundi 9,500, ambayo ni kilo 4,309, imeshatoka kwenye orodha ingawa bei yake inavutia. Ya 12,000 inaingia, na ziada yake ni ndogo.

Matope nayo yana hesabu yake. Gari lililozama hadi usawa wa magurudumu linataka nguvu inayokaribia uzito wake wote. Likizama hadi kwenye madigadi, ni mara mbili ya uzito. Yeyote aliyewahi kuona udongo mweusi wa mbuga baada ya mvua mbili anajua hilo si jambo la nadharia: unalishika gari kwa chini kama uji ulioganda kwenye sufuria. Kilo 7,000 haimo kwenye winchi hii, safu yoyote ile. Hapo ni kapi (gurudumu la kuzungushia waya), ama chepe kwanza, ama vyote viwili.

Kuhusu volti, usikadirie kwa macho. Land Cruiser nyingi zina betri mbili na watu hudhani mbili maana yake ni 24. Zikiungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, bado ni 12. Zikiungwa kwa kufuatana ni 24. Weka mita upime. Malori ya Fuso na Isuzu yanatumia 24, nayo yanunuliwe winchi ya 24. Kuna mchezo wa kuchota volti 12 kutoka betri moja ya lori ili kulazimisha winchi ya bei rahisi: betri inayochotwa haijai tena, ile nyingine inachajiwa kupita kiasi, na baada ya muda tajiri ananunua mbili.

Kabla hela haijatoka mfukoni

Jambo la kwanza la kutazama ni nguzo za shaba kwenye mota. Mota yenye nguzo tatu nene, zilizoandikwa A, F1 na F2, ukiacha ile ya ethi (ya kurudisha umeme hasi), ni ya koili kote ndani. Inavumilia mvuto mrefu. Yenye nguzo mbili tu ni ya sumaku: inakula umeme kidogo, bei yake ni ndogo, lakini inashika joto haraka na joto likipanda nguvu inaanguka. Kwa gari la kazi chukua ya nguzo tatu. Muuzaji akikuambia hakuna tofauti, yeye hatakuwepo siku utakapokwama Ndutu.

Pili, omba iungwe kwenye betri palepale dukani, ngoma ikizunguka bila mzigo, na mita ya kubana, ya kupima ampia, ikiwa kwenye kebo. Inayozunguka vizuri inakula ampia 60 hadi 100. Ikivuta zaidi ya hapo, gia au beringi zinasugua. Sikiliza pia: mlio uwe mmoja kuingia na kutoka. Kisha legeza klachi uvute waya kwa mkono; ngoma izunguke bila kung'ang'ania, na ukirudisha klachi mkono wake uingie hadi mwisho. Klachi inayoingia nusu italika meno siku ya mzigo.

Tatu ni uzito. Winchi kamili ya daraja hili pamoja na waya wa chuma hukaribia kilo 40. Iliyoandikwa 12,000 lakini unainua kama ndoo ya maji, iache hapohapo.

Ukiwa na uwezo wa kupanda daraja, Warn ya Marekani na Come Up ya Taiwan zimejengwa kwa uangalifu zaidi, hasa mihuri ya kuzuia maji na ubora wa solenoidi (swichi nzito za umeme zinazowasha mota), na vipuri vyake vinatambulika kwa namba. Bei yake ni mara kadhaa ya hii. Kwa kampuni yenye gari moja au mawili yanayokwenda Loliondo na Ziwa Natron katikati ya mvua, hela hiyo ina maana. Kwa gari linaloshinda Tarangire na kurudi, tofauti ya bei iende kwenye kebo na betri. Utapata winchi bora kuliko jirani aliyenunua jina akaiunga kwa waya mwembamba.

Kebo

Winchi hii ikivuta kwa nguvu zake zote inakula ampia 400 na kitu. Hakuna kifaa kingine kwenye gari kinachokula hivyo kwa muda mrefu. Stata huchukua umeme mwingi lakini kwa sekunde chache. Sasa fanya hesabu hii kwa karatasi. Kutoka betri hadi winchi mita mbili, kurudi mita mbili, jumla mita nne. Kebo ya shaba ya milimita za mraba 35 kwa urefu huo inapoteza volti 0.8 kwa ampia 400. Ya milimita 16, ambayo kwa macho inaonekana nene tu, inapoteza volti 1.75, na wati 700 zinageuka joto ndani ya kebo. Hiyo ni pasi ya umeme iliyolazwa kando ya injini yako. Betri ikiwa imeshashuka hadi 11 chini ya mzigo, winchi inapokea 9 na kidogo, inakwenda kinyonge, na kadiri inavyokwenda kinyonge ndivyo inavyokula umeme kwa muda mrefu zaidi.

Tatizo la kebo za kwenye boksi si unene peke yake. Nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, umeshajua. Kebo hiyo ina ukinzani wa karibu mara moja na nusu ya shaba halisi, na kwenye lagi huanza kuota ungaunga baada ya msimu mmoja wa mvua. Itupe, au iuze kwa fundi wa redio. Nunua kebo ya kulehemu ya shaba halisi: milimita 35 ikiwa betri iko mbele karibu na winchi, milimita 50 ikiwa njia inazidi mita mbili au betri iko nyuma ya kiti. Ni laini, ina nyuzi nyingi nyembamba, na mpira wake unavumilia joto.

Lagi hupewa namba mbili, kwa mfano 35-8: milimita za mraba 35 kwa kebo, tundu la bolti ya milimita 8. Zote mbili zilingane. Ibanwe kwa mashine ya haidroliki yenye meno ya pembe sita. Mtindo wa kuilaza lagi kwenye chuma na kuipiga patasi na nyundo unaacha nafasi za hewa katikati ya nyuzi, na hapo ndipo joto linapozaliwa. Kujaza risasi peke yake nako hakufai. Risasi ya kawaida inayeyuka kuanzia nyuzi joto 183, na mahali inapoishia kebo huwa ngumu, mtikisiko wa barabara ya Loduare kwenda Serengeti ukaivunja hapohapo. Bana, kisha funika kwa mpira wa kusinyaa. Jaribu kwa mikono miwili: lagi iliyobanwa sawasawa haizunguki hata ukiitesa.

Njia ya kuunga ni hii. Kebo nyekundu inatoka chanya ya betri, inapita swichi kuu ya kukata yenye uwezo wa ampia 500, ndipo inaingia boksi la solenoidi. Kebo nyeusi inatoka hasi ya betri moja kwa moja hadi nguzo ya ethi iliyo chini ya mota. Usiifunge kwenye bampa wala chasisi. Rangi, kutu na bolti za bampa ni ukinzani mtupu, na kosa hili la ethi ndilo linalomrudisha mteja gerejini mara nyingi kuliko jingine lolote, akilalamika kwamba winchi "inalia tik tik tu". Kutoka boksi la solenoidi kebo tatu fupi zinakwenda A, F1 na F2. Waya mwembamba mweusi wa boksi, ule wa kuwashia solenoidi, nao uende hasi ya betri.

Swichi kuu ina sababu mbili. Ya kwanza, bila hiyo kebo nyekundu ina umeme masaa yote hadi kwenye pua ya gari. Ukigonga kitu, bampa linaikata kebo dhidi ya chuma, na hakuna fyuzi njiani, kwa kuwa saketi kuu za winchi nyingi hazifungwi fyuzi. Hapo ni moto. Ya pili, solenoidi inaweza kuganda: umeachia kitufe, ngoma inaendelea kuzunguka. Ukiwa na swichi unayoifikia kwa mkono ndani ya sekunde mbili, ni tukio dogo. Ukiwa huna, utaona ndoano ikiingia kwenye rola za kuongozea waya na kitu kikivunjika. Iwekwe karibu na betri, mahali ambapo utingo anaweza kuifikia bila kuegemea juu ya waya uliokazwa.

Kebo zipite mbali na manifoldi ya ekzosi na feni, zivalishwe mpira, zishikizwe kila sentimita 30, na kila zinapotoboa bati pawekwe mpira wa tundu. Acha ulegevu kidogo. Boksi la solenoidi likae juu, ndani ya boneti ikiwezekana. Likikaa chini ya bampa kila kivuko cha mto kitaliosha.

Ukimaliza, pima. Winchi ikiwa inavuta mzigo, weka ncha moja ya mita kwenye nguzo chanya ya betri na nyingine kwenye nguzo chanya ya boksi la solenoidi. Isizidi volti 0.5, na hapo swichi imo ndani ya hesabu. Rudia upande wa hasi. Ukipata 1 au zaidi, kuna lagi au swichi inayopasha; iguse kwa tahadhari utaijua.

Na betri? Betri moja nzima ya saizi N70 inaweza kufanya kazi kwa mvuto mfupi, mbili sambamba ni bora zaidi. Mbili hizo ziwe za umri mmoja na aina moja. Alteneta ya kawaida haitoi hata theluthi ya ampia 400, kwa hiyo unatumia akiba. Injini lazima iwe inanguruma, kwa mizunguko 1,200 hadi 1,500 kwa dakika. Land Cruiser za zamani zina kile kitufe cha kuvuta cha resi ya mkono kwenye dashibodi, na watu wengi wanakisahau mpaka siku hiyo.

Bampa na bolti

Tuwe wafupi hapa. Winchi za daraja hili zina matundu manne yaliyopangwa milimita 254 kwa 114.3, na mabampa mengi yanayochomelewa Arusha yanafuata vipimo hivyo. Sahani inayobeba winchi isiwe chini ya milimita 6, na iungwe kwenye chasisi, si kwenye bati la bampa. Bolti ni M10 za daraja 8.8, zote nne, na namba hiyo ionekane imechapwa kichwani. Bolti isiyo na namba ni bolti ya kabati. Ukiongeza kilo 40 za winchi na uzito wa bampa lenyewe, pua ya gari inashuka, kwa hiyo springi za mbele zilizochoka zibadilishwe kwanza.

Hakikisha waya unatokea upande wa ngoma ulioonyeshwa na mshale, kwa kawaida chini. Ukiviringishwa kinyume breki haishiki mzigo. Rimoti ikisema kuingia na ngoma ikatoa, badilishanisha kebo za F1 na F2. Usibadilishe upande wa kuviringisha.

Waya wa chuma au kamba?

Winchi huja na waya wa chuma wa karibu milimita 9.5 na urefu wa mita 25 au 28. Kamba ya sintetiki ya milimita 10 ina nguvu kuuzidi, ni nyepesi kiasi kwamba mtu mmoja anakwenda nayo hadi kwenye mti bila kuhema, na ikikatika hairuki kwa ukali ule wa chuma. Kwa gari la wageni tunaipendelea, kwa sharti kwamba mwenye gari ataitunza. Maana ina maadui watatu hapa kwetu. Jua. Vumbi la majivu ya volkano la Ngorongoro na nyanda za Serengeti, ambalo linaingia katikati ya nyuzi na kuzikata taratibu kama msasa. Na joto: nyuzi hizi huyeyuka kwenye nyuzi joto 150 hivi, na breki ya winchi hii iko ndani ya ngoma, kwa hiyo ukishusha gari mteremkoni kwa winchi, ngoma inawaka na safu ya kwanza ya kamba inaungua bila wewe kuona. Kwa kazi ya kushusha, chuma.

Ukihamia kamba, ondoa rola zilizotumika na waya wa chuma. Zimeshachimbwa mikwaruzo yenye makali, zitaichana kamba wiki ya kwanza. Weka kipande cha alumini chenye mdomo wa mviringo.

Ukibaki na chuma, kagua kwa macho na glavu za ngozi, kamwe si kiganja kitupu. Uzi mmoja uliochomoza unaingia nyamani kama mwiba wa mgunga. Waya uliojikunja na kuacha kigongo umekwisha hata kama haujakatika.

Vyovyote iwavyo, kabla ya safari ya kwanza uviringishe upya ukiwa na mzigo. Tafuta barabara ya changarawe yenye mwinuko mdogo, toa waya wote hadi ibaki mizunguko 5 kwenye ngoma, au 8 hadi 10 kwa kamba, funga mbele, kisha jivute taratibu mtu mmoja akiwa garini amekanyaga breki kidogo. Waya ulioviringishwa ukiwa mlegevu, safu ya juu hujichimbia kwenye ya chini siku ya mzigo mkubwa na hautoki. Mizunguko ile ya mwisho paka rangi nyekundu. Skrubu inayoushika waya kwenye ngoma haibebi gari. Kinachobeba ni msuguano wa mizunguko hiyo.

Siku ya kuvuta

Mfuko wa vifaa unaoiandama winchi hii: mkanda mpana wa mti wa milimita 75 na urefu wa mita 3, pingu mbili za chuma zenye chapa ya tani 4.75, kapi la kufunguka la tani 8 au zaidi, glavu, blanketi zito au begi la kujaza mchanga, na chepe. Pingu isiyo na tani zilizochapwa ni pambo. Mnyororo usifungwe kwenye mti. Unakata gamba, na mti uliovuliwa gamba pande zote unakauka.

Ndani ya hifadhi, kushuka garini kuna masharti yake, kwa hiyo askari wa hifadhi wajulishwe kwanza kwa redio au simu na eneo litazamwe kabla mlango haujafunguliwa. Wageni wahamishiwe gari jingine au wasogezwe mbali. Kisha chimba. Udongo ulio mbele ya magurudumu na chini ya ekseli ukiondolewa, mzigo wa winchi unapungua kuliko chochote utakachofanya kwa vitufe.

Mkanda ufungwe chini kabisa ya shina. Ndoano iingie kwenye pingu, isirudi kujishika kwenye waya wake wenyewe, maana waya unajivunja hapo. Tupa blanketi katikati ya waya. Fungua boneti ikinge kioo. Watu wote wakae mbali kwa mara moja na nusu ya urefu wa waya uliotoka, pembeni, wala wasiruke juu yake. Kaza ulegevu kwanza, simama, tembea ukague kila kiungo, ndipo uvute.

Dereva awe kwenye gia ya chini, magurudumu yazunguke polepole yakisaidia. Akikanyaga kwa pupa gari litaruka mbele, waya utalegea, halafu litarudi kwa mshtuko, na mshtuko huo ndio unaovunja meno ya gia. Vuta dakika moja, pumzisha, gusa mota. Ukishindwa kuweka kiganja juu yake, iache ipoe injini ikiendelea kuchaji. Kasi yenye mzigo mkubwa ni mita moja au mbili kwa dakika, na anayelalamika kwamba ni polepole hajaelewa ampia 400.

Ukivuta kwa upande, waya unajikusanya kona moja ya ngoma hadi unagusa vyuma vya kushikilia mashine na kuvipinda. Simama mapema, toa waya, upange upya. Kona kali tumia kapi.

Kapi hilo ndilo kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote. Waya unatoka winchi, unazunguka kapi lililofungwa kwenye mti, unarudi kwenye ndoano ya chasisi ya gari lako. Nguvu inakaribia mara mbili, kasi inakuwa nusu, ampia zinashuka karibu nusu, na kwa kuwa umetoa waya mwingi uko kwenye safu za chini za ngoma. Ila mti, pamoja na kapi, pingu na mkanda wake, ndio unaobeba mzigo mara mbili, kwa hiyo uwe mti kweli.

Kwenye nyanda za majani mafupi za Serengeti na Ndutu pasipo mti, gari la pili lenye vigingi magurudumuni ndilo jawabu. Tairi la akiba huzikwa pale udongo ulipo mgumu: shimo la karibu mita moja, tairi limesimama kukabili gari, na mfereji mwembamba wa kupitisha waya kwa mteremko ili usilinyanyue. Kwenye udongo mweusi uliolowa halishiki, linakuja na matope yake.

Ikigoma

Solenoidi inalia lakini ngoma haizunguki: pima volti kwenye nguzo chanya ya boksi la solenoidi kitufe kikiwa kimebonyezwa. Chini ya 10, rudi kwenye betri na lagi. Juu ya 11, mara nyingi solenoidi imeungua ndani, nayo hubadilishwa peke yake bila kununua winchi nyingine. Inaingia lakini haitoi: upande mmoja wa solenoidi, au waya wa rimoti umekatika kwenye plagi. Mota inazunguka na ngoma imetulia: klachi haikuingia. Inashika mzigo halafu inateleza kurudi: breki imelika, au waya umeviringishwa upande usio wake, na huo wa pili uangaliwe kwanza kwa sababu hauhitaji spana.

Rimoti isiyo na waya inayokuja na mashine hii ibaki akiba. Betri yake ndogo huisha kimyakimya, na kitufe kinaweza kubonyezwa mfukoni. Ya waya iwe ndiyo ya kazi, ichomekwe wakati wa kuvuta tu, na kamba yake ipitishwe dirishani mbali na rola.

Wenye malori watauliza kuhusu ile hadithi ya Fuso. Lori lenye uzito wa jumla wa tani 10 linahitaji winchi ya tani 15 kwa kanuni ileile, wakati hata ya paundi 20,000 ni kilo 9,072 tu. Huko winchi ya umeme ni msaidizi wa watu wanaoshusha magunia.

Baada ya safari ya matope, osha kamba kwa maji ya kawaida ikiwa imetolewa yote, iache ikauke kivulini, usiipige kwa mashine ya presha, na usiielekeze mashine hiyo kwenye mihuri ya mota wala boksi la solenoidi. Mara moja kwa mwezi zungusha ngoma dakika moja kila upande hata kama gari halijakwama, unyevu utoke kwenye mota, kisha zima swichi kuu.